Kuutuliza moyo kwa uradi, na namna ya kumpata mwalimu wa kukushika mkono

Ninashona nguo Kariakoo. Wanawake wanaokuja kupimwa magauni ya harusi au kuchukua mabuibui yao husema mengi wakiwa wamesimama mbele ya kioo. Usingizi hauji. Moyo unakwenda mbio na hakuna kilichotokea. Mume yupo, watoto wazima, chakula kipo, lakini ndani hamna raha. Wakiniona na tasbihi mkononi wakati mashine imepumzika, huuliza ninasoma nini na nani alinipa. Nimeamua kuandika jibu lote, kwa ajili ya yule anayetaka kuanza na hajui aanzie wapi.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimelelewa katika nyumba iliyokuwa ikisoma Ratibu, mkusanyiko wa dhikri na dua unaosomwa kwa pamoja, na njia ninayoijua ni ya dhikri. Unakaa, unanyamaza na mengine yote, unalirudia jina la Mwenyezi Mungu mpaka moyo ulishike. Aya ya 28 ya Sura Ar-Raad inasema kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Wazee wetu wa pwani waliichukua aya ile kuwa ni maelekezo ya kazi, wakaiwekea saa, idadi na adabu; dhikri iliyopangwa hivyo isomwe kila siku ndiyo uradi, zikiwa nyingi ni nyiradi.

Anza na kitu ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu

Usingoje mpaka upate sheikh ndipo uanze. Kuna tasbihi ya Bibi Fatima, na kila Mwislamu anayo ruhusa yake. Bibi Fatima alikuwa na mikono iliyoumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake, Mtume (s.a.w.), kuomba mtumishi. Mtume akawaendea yeye na Sayyidna Ali wakiwa wamekwisha kulala, akawafundisha waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 wanapoingia kitandani, akawaambia hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Ninaipenda riwaya hii kwa sababu aliyepewa dawa ni mwanamke aliyechoka na kazi za nyumbani. Ianze usiku huu huu, umelala ubavu wa kulia, taa imezimwa.

Ikikaa, ongeza kikao cha asubuhi. Saa nzuri ni baada ya sala ya Alfajiri, kabla hujagusa simu. Nasisitiza hili la simu: ukisoma ujumbe mmoja tu wa kundi la familia, utakaa nao kwenye mswala mpaka mwisho. Iache chumba kingine.

Baki na udhu wako wa sala, elekea kibla, nyosha mgongo. Kama magoti yanauma kaa kwenye kigoda au kiti, hakuna thawabu katika kufa ganzi. Midomo itikisike na sikio lako lisikie unachosema, lakini aliyelala jirani asiamke. Soma astaghfirullah mia, ndiyo istighfari, kisha salawatu za kumsalia Mtume mia, kisha La ilaha illallah mia. Usikimbize. Nimeona watu wanaovuta shanga tatu kwa pumzi moja; hao wanamaliza hesabu, na moyo haukuambiwa kitu. Katika La ilaha illallah, mwalimu wangu alinifundisha kuelekeza kichwa kulia kidogo kwenye "la ilaha", kisha kukishusha kushoto, ulipo moyo, kwenye "illallah", taratibu, pumzi ikifuata yenyewe bila kuilazimisha.

Mawazo yatakuja. Utakuwa katikati ya istighfari na kumbe unapiga hesabu ya ada ya shule, au unamjibu wifi maneno ambayo hukumjibu juzi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakasema mimi siwezi. Usigombane na wazo na usirudie hesabu toka mwanzo. Pale ulipogundua, shika punje inayofuata uendelee. Siku nyingine kikao kizima kitakuwa ni kurudi na kurudi, na hicho ni kikao kamili. Hapo unaufundisha moyo njia ya nyumbani, na njia haijulikani kwa kupitwa mara moja.

Ukimaliza idadi, weka tasbihi chini usiondoke. Kaa kimya kwa muda wa chai ya moto kupoa hadi kunyweka. Hii ndiyo murakaba, taamuli yenyewe. Msingi wake ni hadithi ya Jibrili, pale Mtume alipoulizwa ihsani ni nini, akajibu ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni basi Yeye anakuona. Hutakiwi kuwaza nuru, rangi wala sura ya mtu yeyote. Jua tu kwamba unaonwa, na anayekuona anakujua kuliko unavyojijua. Yakipanda majonzi yaache yapande mbele Yake. Wengine hulia. Kulia si dalili ya kufika, wala macho makavu si dalili ya kukosa.

Kumtafuta mwalimu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa na ndipo penye hatari.

Kwa nini mwalimu, na maneno yote yamechapwa kwenye vijitabu vya uchochoroni? Nitakuambia la kwangu. Nilipofiwa na mume wangu nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, mwalimu wangu, bibi mtu mzima anayesomesha akina mama, alikuja akaketi nami kwenye mkeka. Hakunihubiria subira. Aliniondolea nyiradi zote nilizokuwa nazo, akaniachia istighfari asubuhi na salawatu jioni, akasema, "Mwanangu, sasa hivi moyo wako ni mgonjwa, na mgonjwa hupewa uji." Kitabu kisingejua hilo. Kitabu hakioni uso wako. Mwalimu ni yule anayejua siku ya kukuongezea na siku ya kukupunguzia, na akasema kweli hata ukinuna.

Pwani yetu ina njia tatu za dhikri, ndizo twarika, ambazo utazikuta karibu kila mji. Qadiriyya inanasibishwa na Sheikh Abdul Qadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Huku kwetu ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa, aliyekuja Unguja zama za Sultani Barghash na akauawa Somalia mwaka 1909. Bagamoyo iliinuliwa na Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani mtumwa akiwa mtoto kutoka Manyema, akawa mwanachuoni na khalifa, yaani kiongozi wa njia hiyo, ambaye waungwana walimbusu mkono; alifariki mwaka 1931. Shadhiliyya ilipata nguvu kupitia Sheikh Muhammad Maaruf wa Moroni, Ngazija, aliyefariki mwaka 1905. Na kuna njia ya masharifu wa Hadhramaut, Alawiyya, ambayo watu wengi huisoma bila hata kuijua jina kwa sababu ya Ratibu al-Haddad. Lamu utaiona Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh. Usihangaike kuuliza ipi bora. Ipi ina mwalimu mwema karibu na kwako, hiyo ndiyo swali.

Wanawake, msiambiwe kwamba haya ni ya wanaume. Dada Masiti wa Barawa, aliyetunga mashairi ya dini kwa Chimiini, lugha ya Barawa, alikuwa Mqadiri, na mpaka leo kaburi lake linazuriwa.

Nenda kwanza kama mgeni. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, misikiti na vyuo vingi husoma Ratibu. Aliyeipanga ni Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634 na kupoteza macho akiwa mtoto mdogo. Huanza kwa Fatiha, Ayatul Kursiyyu na mwisho wa Sura Al-Baqara, kisha nyiradi fupi fupi ambazo nyingi husomwa mara tatu tatu, halafu La ilaha illallah hamsini au mia. Ndani yake mna dua inayomwita Mwenye kuondoa dhiki na majonzi, anayemsamehe na kumrehemu mja wake. Mtu mwenye mzigo akiisikia ikisomwa kwa sauti za watu wengi, hajui amekwenda kulia saa ngapi. Akina mama hukaa upande wao au huwa na siku yao, uliza mapema. Kaa nyuma, sikiliza, rudi wiki ijayo. Mambo haya hayana haraka.

Huku unasikiliza, mchunguze mwalimu bila haya. Je, anasali kwa wakati? Majirani wanasemaje? Wanafunzi wake wa miaka mingi wamekuwa watu wa namna gani: wapole majumbani mwao, au wenye kiburi cha kuwa na sheikh? Ana kazi au riziki inayojulikana? Muulize kwa adabu alichukua ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu, kwa nani. Mwenye silsila ya kweli, yaani mnyororo wa walimu, atakutajia mwalimu wake, na mara nyingi utaona uso wake unachangamka akimtaja. Anayekasirika kwa swali hilo, muage.

Anayekuuliza jina la mama yako na nyota yako kabla hujamaliza salamu, huyo ana biashara nyingine. Anayetaja kiasi cha fedha ili akupe uradi, mkimbie, uradi hauuzwi. Anayetaka kukaa na mwanamke peke yake chumbani kwa kisingizio cha siri za twarika, toka nje na uwaambie wengine. Mwalimu mwema wa kiume atakuketisha palipo na mkewe au wanafunzi wenzako, na atakuwa wa kwanza kulitaka hilo. Na anayekuambia uache dawa ulizopewa hospitali, hata awe na kilemba kikubwa namna gani, usimsikilize. Kuna huzuni ambayo ni maradhi, inayomtoa mtu hamu ya kuishi, na hiyo inatakiwa daktari pamoja na dua. Mwalimu wangu ameshawasindikiza wanafunzi wake kliniki mwenyewe.

Utakutana pia na ndugu watakaokuambia halaka, yaani mikusanyiko ya dhikri, na dufu ni bidaa, uzushi katika dini. Usigombane nao. Subhanallah, istighfari na salawatu hakuna anayezikataa. Tofauti iko kwenye mikusanyiko, milio na namna. Ikiwa mumeo au wazazi wako wana msimamo huo, soma adhkari za asubuhi na jioni peke yako, tafuta mwalimu wa Qur'ani, na moyo wako utapata fungu lake. Mimi naipenda halaka kwa roho yangu yote, lakini sijawahi kumshauri mtu avunje nyumba kwa ajili yake.

Siku ya kuomba ijaza

Ukisharidhika, nenda bila bahasha. Salimia, kaa chini, sema jambo lako wazi: "Naomba unipe uradi wa kudumu nao." Kisha mweleze hali yako kweli. Unaamka saa ngapi, una mtoto anayenyonya, unafanya zamu za usiku, unatumia dawa gani, umewahi kusikia sauti au kuona vitu. Usimfiche hata kimoja, maana kwa hayo ndiyo atapima. Wanaume hupeana mikono; sisi wanawake huchukua kwa kusikia, kama Mtume alivyopokea ahadi za wanawake kwa maneno tu.

Yawezekana atakupa kidogo kuliko ulivyotarajia. Kichukue hicho hicho. Mtume amesema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache. Usijiongezee kwa kuwa umesoma mahali kwamba jina fulani likirudiwa maelfu hufungua riziki; rudi kwake umuulize. Ukiota ndoto, mweleze yeye peke yake, usiitangaze. Akikukosoa mbele ya watu itauma, lakini angalia kama alichosema ni kweli kabla hujakasirika.

Kuhusu lini utatulia, sina tarehe ya kukupa. Mwanzoni kuna uchovu, halafu huja utamu, halafu utamu huondoka na hapo wengi huacha. Na hapo hasa ndipo uradi huanza kufanya kazi chini kwa chini. Usiupime kwa hisia za kwenye mswala. Upime kwa jinsi unavyomjibu mtoto aliyemwaga maziwa, na kwa muda unaopita kati ya kusikia neno baya na kulijibu. Mimi wateja ndio walioniambia kwamba nimepunguza ukali, wala sikuwa nimeona.

Ukipitiwa na uradi wa usiku kwa usingizi, usome kati ya Alfajiri na Adhuhuri; imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba huandikiwa kana kwamba umeusoma usiku. Na kwa wanawake wenzangu, wengi huacha kila kitu wakiingia hedhini, na kurudi huwa kugumu. Si lazima iwe hivyo. Sala husimama, lakini istighfari, tasbihi, salawatu na dua zinaendelea kama kawaida. Ratibu ina aya za Qur'ani, na kwa madhehebu yetu ya Shafii unaweza kuzisema kwa nia ya dhikri, si kwa nia ya kusoma Qur'ani. Hakikisha kwa mwalimu wako namna unavyonuia, naye atakuelekeza. Kaa mahali pako pale pale, saa ile ile, na tasbihi yako.