Kabla hujakuza startapu yako, piga hizi hesabu kwanza

Mwezi Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na kufika Julai 2023 ilishakuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwenye hela zake alipoona anaweza kuikopesha serikali na kupata asilimia 5 bila presha, startapu, yaani kampuni changa, yenye hasara haikumvutia tena. Kwa hiyo ule mtindo wa kukua kwanza faida baadaye umekuwa hatari sana. Mimi kazi yangu ni kuwasaidia waanzilishi upande wa mahesabu na hivi ndo tunavyoenda.

Hatua ya 1: Jua una miezi mingapi

Chukua salio lililopo benki leo, sio hela uliyoahidiwa na mwekezaji, maana ahadi hailipi mishahara. Tafuta wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita, toa mapato yaliyoingia kweli. Tuseme una 120,000, unatumia 16,000 kwa mwezi na unaingiza 6,000, hapo unachoma 10,000, una miezi 12. Sasa rudia hesabu mapato yakiwa yameshuka nusu. Miezi inakuwa tisa na kidogo, na hiyo ndo namba ya kupangia.

Hatua ya 2: Mteja mmoja anakuachia nini?

Hapa usiwe na haraka. Mteja anakulipa 10 kwa mwezi, kumhudumia kunakula 4 (sava, makato ya malipo, mtu wa kupokea simu), inabaki 6. Kumpata kulikugharimu 48, yaani matangazo, ofa na kamisheni, usifiche hata kimoja. Ina maana anarudisha gharama yake baada ya miezi 8. Akiondoka mwezi wa tano umepata hasara ya 18, na ukiwa na wateja 1,000 wa hivyo ni 18,000 imepotea, sasa huko kukua kunakusaidia nini?

Wengi watakwambia tukiwa wakubwa gharama zitashuka. Kwenye programu mara nyingi ni kweli kwa sababu mtumiaji mmoja wa ziada anaongeza gharama kidogo sana, ila kwenye usafirishaji wa mizigo kila oda bado inataka dereva na mafuta, kwa hiyo usiichukue hiyo sentensi kama dawa, kaa chini uonyeshe ni gharama ipi itashuka na kwa nini.

Hatua ya 3: Angalia nani anabaki

Wapange wateja kwa mwezi waliojiunga, halafu angalia kila kundi limebaki na wangapi baada ya mwezi 1, 3 na 6. Ukiwajumlisha wote, wapya wanawafunika wanaoondoka na utadhani mambo yako safi. Walioondoka wapigie, usiwatumie fomu.

Hatua ya 4: Tenganisha sarafu

Startapu nyingi zinalipia sava na programu kwa dola huku zinauza kwa sarafu nyingine. Mwaka 2022 dola ilipanda mpaka euro ikashuka chini ya dola 1, sasa fikiria sarafu ndogo. Weka safu mbili kwenye bajeti, moja ya dola na nyingine ya sarafu unayouzia, na kwenye mikataba ya mwaka mzima andika kipengele cha kupitia bei upya.

Hatua ya 5: Usiweke kila kitu sehemu moja

Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyotumiwa na startapu nyingi, ilipoanguka tarehe 10 Machi 2023, kampuni zilizoweka humo zaidi ya kiwango cha bima cha dola 250,000 zilikaa hazijui hatima yao mpaka tarehe 12 serikali iliposema kila mtu atapata hela yake. Kwa mteja mkubwa ni hivyo hivyo, akibeba nusu ya mapato yako, huyo ni hatari.

Hatua ya 6: Sasa kuza

Chagua njia moja tu ya kupata wateja, ongeza bajeti kidogo kidogo, na kabla hujaanza andika kikomo chako, mfano gharama ya kumpata mteja irudi ndani ya miezi 6. Wateja wa mwanzo ndo rahisi kuwapata, wanaofuata wanazidi kuwa ghali, kwa hiyo namba hiyo itapanda tu. Ikivuka kikomo rudisha bajeti ilipokuwa, acha kundi la mwezi huo lifikishe miezi mitatu, ndo uamue kama unaongeza tena.