Jinsi ya Kupima Bayomasi na Kukadiria Nishati Iliyomo

Mwanaikolojia anapotaja bayomasi huwa anazungumzia uzito wa viumbe waliopo katika eneo fulani kwa wakati fulani, ilhali mtaalamu wa nishati huwa anafikiria kuni, mabua, makapi, samadi na mabaki mengine yanayoweza kugeuzwa kuwa joto, umeme au gesi. Wote wawili huanza na swali moja: ni kilo ngapi zinazobaki maji yakishaondolewa? Maji hayana kaboni wala hayaungui, na katika majani mabichi yanaweza kufikia robo tatu ya uzito au hata zaidi. Takwimu ya bayomasi isiyosema kama ni ya uzito mbichi au mkavu haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Kwa nyasi na mimea midogo, tengeneza fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita, uiweke mahali palipopatikana kwa bahati nasibu. Usichague kwa macho, kwa kuwa macho huvutwa na mahali palipostawi na makadirio yote yatapanda bila sababu. Kata kila kilicho ndani ya fremu usawa wa ardhi, ukitenga majani mabichi na yaliyokwisha kufa, na uamue mapema kama mmea uliootea nje ukainamia ndani utahesabiwa au la. Kanuni yoyote yafaa, mradi isibadilike kutoka fremu moja hadi nyingine. Tumia mifuko ya karatasi, kwa sababu ya plastiki hunasa unyevu, na uiandike kwa penseli. Kausha katika tanuri lenye nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, pima, rudisha, kisha pima tena mpaka uzito usishuke. Mfuko mtupu nao ukaushwe na kupimwa ili utolewe katika hesabu, maana karatasi pia hunywa unyevu wa hewa. Kwa fremu ya ukubwa huo, zidisha wastani wa gramu kwa 4 upate gramu kwa mita ya mraba. Gramu 400 kwa mita ya mraba ni sawa na tani 4 kwa hekta.

Miti haihitaji kukatwa. Pima kipenyo cha shina kwa sentimita katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini na urefu wa mti kwa mita, kisha utafute densiti ya mbao zake kavu kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Kwa miti ya tropiki, mlinganyo unaotumika sana, uliotolewa mwaka 2014, huzidisha densiti kwa mraba wa kipenyo na kwa urefu, hupandisha jibu kwenye kipeo cha 0.976, kisha hulizidisha kwa 0.0673. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 20 na densiti ya 0.6 hutoa takribani kilo 580 kavu, mizizi ikiwa haimo. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Mlinganyo huu hukadiria vizuri zaidi jumla ya miti mingi kuliko mti mmoja mmoja, kwa hiyo mtu asiutegemee kubishania mti wa uani.

Matokeo yasomwe kwa uangalifu, kwa kuwa bayomasi ni akiba iliyopo na haisemi akiba hiyo inazalishwa kwa kasi gani. Katika sehemu nyingi za bahari, mimea midogo inayoelea huwa na uzito mdogo kuliko wanyama wanaoitegemea, na bado huwalisha, kwa sababu huzaliana na kuliwa ndani ya siku chache. Msituni hali ni kinyume: shina hukusanya kaboni kwa miongo mingi na kuishikilia. Ndiyo maana makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliipa mimea gigatani (tani bilioni) 450 hivi za kaboni kati ya jumla ya 550, huku wanyama wote wakipata takriban 2 tu.

Ukitaka kugeuza kilo kuwa nishati, kausha kipande cha kuni kwa nyuzi 105, kisha ugawanye uzito wa maji yaliyopotea kwa uzito wa awali, ndipo upate kiwango cha unyevu. Kuni kavu kabisa hutoa nishati ya megajuli 18 hadi 19 kwa kilo. Zidisha kiasi hicho kwa sehemu iliyo kavu, halafu utoe megajuli 2.44 kwa kila kilo ya maji, kwa sababu moto hulazimika kuyageuza kuwa mvuke kwanza. Ukianza na megajuli 18.5, kuni zenye unyevu wa asilimia 20 zitakupa takribani 14.3 kwa kilo, na zenye unyevu wa asilimia 50 zitakupa 8 tu. Kupasua kuni mapema na kuzipanga mahali penye upepo chini ya paa huleta faida kubwa kuliko marekebisho mengi ya jiko.

Samadi mbichi na mabaki ya chakula hayafai kupitishwa kwenye hesabu hiyo, kwani maji yake yangemeza karibu joto lote. Hayo hupelekwa kwenye mtambo wa bayogesi, ambako bakteria huyavunja pasipo oksijeni na kutoa gesi ambayo nusu yake au zaidi ni methani, ndiyo inayowaka.

Linabaki suala la kiasi cha kuvuna. Kiasi hicho kilinganishwe na ongezeko la mwaka, si na akiba yote: pima miti ileile baada ya miaka kadhaa, utoe bayomasi ya kwanza katika ya pili, ugawanye kwa idadi ya miaka, kisha upunguze sehemu inayopaswa kuachwa ioze ili udongo usipoteze rutuba.