Vidudu na utando kwenye gome la mwembe: kabla hujabeba bomba la dawa

Wadau wa Tabora, mvua zikikolea kuna vidudu vya kahawia vinajikusanya kwenye gome la mwembe, mahali pengine wanafuma na utando kabisa umezunguka shina, basi mtu akiona tu mbio duka la pembejeo. Tulia kwanza. Hao ni chawa wa magome, na pamoja na jina hilo hawana habari na kichwa chako wala hawafyonzi mti, chakula chao ni ukungu, mwani na yale madoa ya kijivu yanayoota juu ya gome.

Kuhakikisha, tandika shuka jeupe chini ya tawi halafu gonga tawi kwa fimbo. Wakidondoka zuum na kamera ya simu maana wengi hawafiki hata milimita 6. Utaona kichwa kikubwa, uso umevimba kwa mbele, vipapasio virefu vyembamba, na wakubwa mabawa wameyalaza mgongoni kama paa la bati. Watoto hawana mabawa, wanatembea kundi kundi. Mguse mmoja na kijiti uone, anatimka hata kiupandeupande au kinyumenyume.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya. Majani yakiwa yananata, yana masizi meusi na sisimizi wanapanda na kushuka, hapo una vidung'ata au vidugamba, hao ndo wanafyonza utomvu. Yale masizi nayo ni ukungu, na chawa wa magome anayala, kwa hiyo unawakuta pamoja alafu asiye na kosa ndo anabebeshwa msala. Geuza majani, angalia na vikonyo vya maembe, ukikuta vitu vyeupe kama pamba shughulika na hivyo.

Kwa chawa wa magome wenyewe we acha tu, utando utaisha wenyewe. Ukikukera pitisha fagio la chelewa au maji ya mpira, na matawi ya ndani yaliyobanana punguza ili gome lipate jua na hewa, likikauka msosi wao unapungua. Dawa hapana, hasa mwembe ukiwa na maua, utaua nyuki na mkoa wenyewe ndo huu wa asali bana.

Ukiona wanaofanana nao ndani, kwenye vitabu vya zamani au stoo ya unga, ni ndugu zao wanaopenda unyevunyevu. Anika vitu juani, fungua madirisha, unga ulioota ukungu tupa.