Jinsi ya kuonyesha filamu za kutisha darini Lamu bila watu kukoroma

Kwanza tuelewane, siongelei zile filamu za panga na damu kila dakika. Naongelea zile zilotoka kwa hadithi za zamani za mambo yasoelezeka, kitu kiko pale gizani na hukioni sawasawa, na siku ukikiona sawasawa uoga wote umekwisha. Nishazionyesha mara kadhaa darini, juu ya nyumba ya ami yangu hapa mtaa wa Mkomani, na mara ya kwanza niliharibu vibaya sana, nilianza na Re-Animator ya 1985, nikiona mimi ni raha, kichwa cha maiti kinaongea peke yake kwenye sinia, sasa shangazi yangu alikuwa amekaa mbele kabisa na ile filamu ina mambo mengine ya utupu nilikuwa nishayasahau. Nilizima mbio mbio. Hiyo waangalie vijana peke yao, siku nyingine.

Nilichojifunza ni kwamba watu wa huku hawashtuki na mambo ya maabara. Waogopa bahari, upepo na kitu kilichoitwa kikaja. Kwa hivo panga usiku wako kwa kufuata hayo.

Ya kwanza weka Whistle and I'll Come to You, ile ya BBC ya 1968, haina rangi, ni kama dakika 40 tu. Imetoka kwa hadithi ya M. R. James ya 1904. Profesa mmoja mjuaji aenda likizo pwani ya Uingereza, atembea ufuoni peke yake, aokota filimbi kwenye makaburi ya kale, arudi nayo chumbani, aisafisha, aipuliza. Basi. Hapo kila mtu darini ashajua hesabu imeharibika manake ni nani Lamu hii hakugombezwa na nyanyake kwa kupiga mbinja usiku? Mimi sikufafanua chochote, mama mmoja nyuma alisema tu "eeh, ushamwita" na watu wote wakanyamaza.

Sasa hapa kuna ujanja. Hiyo filamu pekee ionyeshe kwenye shuka, zilobaki zote onyesha ukutani. Kitu kinachomjia profesa mwishoni ni shuka, shuka la kitanda cha pili linainuka lenyewe (samahani nishawapa mwisho, lakini haipunguzi kitu). Siku ile ilikuwa kusi, upepo wa mwezi wa saba, nilikuwa nimefunga shuka kwa kamba ya manila kwenye nguzo mbili na pembe ya chini kushoto ikafunguka, shuka likavimba kama tanga na sura ya profesa ikavimba nalo, mtoto wa jirani akaruka mpaka kwa mamake. Sikupanga ila tangu siku hiyo naiacha pembe moja imelegea makusudi. Kwa filamu zengine shuka linalopepea ni kero tupu, tafuta ukuta uliopakwa chokaa karibuni, picha yatulia na weupe wake ni mzuri kuliko shuka lolote.

Projekta ya kuazima yatosha. Spika ndiyo usiifanyie ubahili, hizi filamu nusu ya uoga ni sauti, na darini sauti yapotea na upepo, kwa hivo weka spika mbili chini pembeni mwa watu, sio juu karibu na picha. Anza baada ya Isha, tuseme saa mbili unusu, watu washaswali na wametulia. Punda watalia, huna la kufanya.

Ya pili ni Kwaidan, ya Kijapani, 1964, ya Masaki Kobayashi. Ina hadithi nne na kwa ujumla ni kama saa tatu, usithubutu kuiweka yote! Weka ya Hoichi peke yake, ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo yetu. Hoichi ni kipofu apiga biwa, ala ya nyuzi, ukiitazama wasema huyu ni ndugu yake udi, na kazi yake ni kughani vita vya baharini vya Dan-no-ura vya 1185 ambapo ukoo wa Heike uliangamia na mfalme wao mtoto akazama. Yaani ni mtu wa tenzi. Usiku yuaja askari amchukua akawaimbie wakubwa, naye haoni kwamba "jumba" lenyewe ni makaburini. Kumkinga, watawa wamwandika maandiko mwili mzima kwa wino, uso, vidole, kila mahali, wakasahau masikio.

Hiyo sehemu ya kuandikwa, tazama nyuso za watu wala usitazame filamu. Sisi twajua kombe, zafarani kwenye sahani ya kauri, aya zaoshwa mgonjwa anywa, twajua hirizi, kwa hivo maandishi ya kukinga mwili hayahitaji maelezo kwa mtu yeyote. Muziki wa Toru Takemitsu nao mahali pengi ni kama hakuna muziki, ni sauti moja, kimya, kisha sauti tena. Ukipata mtu wa kughani, kabla ya kuanza mwambie aghani beti chache za Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale, zile za majumba ya Pate yaliobaki mapopo, halafu zima taa. Mimi nilifanya hivo mara moja, na kusema kweli zile beti zilitisha kuliko filamu.

Ya tatu ni The Call of Cthulhu ya 2005. Usichanganyikiwe na mwaka, waliitengeneza makusudi kama filamu bubu ya miaka ya 1920, kwa sababu hadithi ya H. P. Lovecraft ilitoka 1928. Dakika 47. Mabaharia wafika kisiwa kilichoibuka kutoka chini ya bahari, mji mzima umepinda pinda, na kuna kitu kimelala humo. Kwa sababu ni bubu, maneno yameandikwa kwa kizungu, mpe mmoja maikrofoni asome kwa Kiswahili, kama DJ Afro yule msimulizi wa filamu hivi lakini apunguze mzaha. Mwambie pia azungumze kimya kimya pale jahazi linapomgonga lile dude, watu wataguna wenyewe.

Na mwambie awaeleze mapema kwamba huyo mzee Lovecraft alikuwa mbaguzi, watu weusi na wageni kwenye hadithi zake mara nyingi ndo wachafu na waabudu mashetani. Mimi bado nampenda ila siwezi kukaa na jamaa zangu nijifanye sijui.

Muziki wa wakati wa kahawa na viazi karai: The Call of Ktulu ya bendi ya Metallica, 1984, hakuna kuimba, karibu dakika 9, au ile walopiga na okestra ya San Francisco 1999, na hiyo ndiyo wazee wavumilia. Halafu ukipenda saksafoni ya Colin Stetson kutoka Color Out of Space ya 2019, filamu nyingine ya hadithi ya Lovecraft. Filamu yenyewe mimi naikwepa, hadithi yasema ile rangi haijawahi kuonekana na binadamu, wao wameweka pinki ya zambarau kama leso.

Kama ni jamaa na majirani darini hakuna shida, ukianza kutoza kiingilio hapo tafuta leseni kwanza. Kabla ya saa sita utakuwa umemaliza. Iache projekta ipoe kama dakika kumi kabla hujaitia mkobani, na weka tochi mbili mlangoni, manake kuna watu wazima watakaosema wanangoja wenzao waongozane.