Mtoto mwenye usonji mkifungiwa nyumbani

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa mtoto mwenye usonji (autism), kilichopotea si masomo tu. Ni sare, njia ile ile, kengele, na uji wa saa ile ile. Zuio la kutoka nyumbani (lockdown) likitangazwa, mrudishieni kwanza mpangilio wa siku, vitabu vitasubiri.

Kateni boksi vipande vya sentimita 8 kwa 8. Kila kadi iwe na picha moja: kuoga, chai, kuchota maji, mchezo, posho (ugali), kulala. Kama haelewi michoro, bandikeni kitu chenyewe, mfano kijiko au kipande cha sabuni. Zipangeni ukutani usawa wa macho yake, kutoka juu kwenda chini, tatu tu kwa kuanzia. Jambo likiisha, aitoe kadi mwenyewe na kuitia kwenye kopo.

Msiandike saa. Maji yakikatika au umeme ukizimika, ratiba ya saa inageuka uongo, na huyu ni mtoto anayeshika neno kama lilivyo. Mfuatano unatosha. Ongezeni kadi nyekundu ya mabadiliko, na mumzoeze kwa mabadiliko ya raha: kadi ya uji inatoka, nyekundu inaingia, kisha analetewa chapati. Mkiitoa mara ya kwanza siku ya habari mbaya, ataichana.

Akivaa mkoba kila asubuhi, mwonyesheni picha ya shule iliyopigwa mstari, bila kutaja tarehe ya kufungua. Zuio la Aprili 2020 lilitangazwa la siku 14, likaongezwa 21.

Kabla ya saa zake ngumu, mpeni kazi nzito: kubeba dumu la lita 5 lililojaa nusu, kusukuma beseni la nguo, kukanda unga. Akishalipuka, punguzeni maneno na watu chumbani, ondoeni vya kuumiza, na msimshike ila kama yuko hatarini. Kumhoji wakati huo ni kuchochea moto.

Kafyu, yaani marufuku ya kutoka usiku, ina hatari yake. Kijana asiyesema akitoroka usiku, akaitwa na askari asijibu, ataonekana mkaidi. Mpelekeni mapema, mchana, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) amtambue kwa sura, mwombe barua yenye muhuri, na mwandike namba ya simu ndani ya shati. Komeo la mlango liwe juu asikofikia, ila kila mtu mzima ndani aweze kulifungua gizani, moto ukitokea.

Anayetumia dawa za kifafa asiachishwe ghafla. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Zikibaki za siku 14, anzeni kutafuta nyingine, kwa sababu wakati wa zuio la 2020 boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, si abiria.

Mlezi naye apokewe zamu. Hata nusu saa, mlango umefungwa, simu iko kwa mwingine.