Kupima joto la ndani ya kompyuta: angalia linavyopanda

Kompyuta ikijizima katikati ya kazi, au feni zikivuma hata ukiwa umefungua barua pepe tu, usikimbilie bisibisi. Soma joto kwanza. Prosesa, kadi ya picha na diski nyingi za kisasa zina sensa zake ndani, kwa hiyo hakuna kifaa cha kununua.

Kwenye Windows, pakua HWiNFO, programu ya kusoma sensa, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, weka alama kwenye "Sensors-only" kisha uianzishe. Safu inayoandikwa "Maximum" ndiyo ya kuikodolea macho, kwa sababu inahifadhi kilele hata kama joto limeshashuka ulipogeuka kutazama. Kwenye Ubuntu au Debian (matoleo ya Linux), andika kwenye terminal, yaani dirisha la amri:

sudo apt install lm-sensors
sudo sensors-detect
watch -n 2 sensors

Amri ya pili itauliza maswali mengi. Bonyeza Enter kwa kila moja. Joto la prosesa za Intel hutokea kwenye mstari wa "Package id 0", la AMD kwenye "Tctl". Ukiona sensa ya ubao mama inaonyesha nyuzi 127 au namba hasi, ipuuze: kwa kawaida ni sensa ambayo haijaunganishwa na kitu. Joto linaloonekana ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows au Linux kuanza) nalo lisikutishe, maana huko prosesa haipumziki kama inavyopumzika ndani ya Windows au Linux.

Sasa kipimo chenyewe. Andika joto la chumba. Acha kompyuta imewashwa dakika 10 bila kazi. Prosesa nyingi hukaa kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi. Kisha itwishe mzigo kwa dakika 20 kwa programu ya kuielemea prosesa: Prime95 kwa Windows, au kwa Linux, ukishaisakinisha, stress-ng:

stress-ng --cpu 0 --timeout 20m

Hapo 0 maana yake viini vyote vya prosesa. Kaa karibu uangalie, kwa kuwa namba ya mwisho peke yake haikuambii ubovu uko wapi. Mwendo wa kupanda ndio unaosema.

Kuruka nyuzi 15 au 20 papo hapo ni jambo la kawaida. Lakini joto likigonga 95 au 100 ndani ya sekunde chache, ujue halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza-joto, yaani chuma chenye feni kilicho juu yake. Pesti (dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na kipoza-joto ili joto lipite) imekauka, skrubu moja imelegea, au (hutokea zaidi ya watu wanavyokubali) karatasi ya plastiki ya kiwandani haikubanduliwa chini ya kipoza-joto. Joto likipanda polepole, likawa bado linapanda dakika ya 15, tatizo ni hewa. Fungua ubavu wa kasha na urudie kipimo: likishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha halipumui.

Tahadhari moja: prosesa za AMD Ryzen 7000 za kompyuta za mezani zimeundwa kuweza kufanya kazi kwa nyuzi 95, na laptopu nyingi hufika huko zikielemewa. Kwa mashine hizo tazama kasi ya prosesa pamoja na joto. Kasi ikishuka chini ya kasi ya msingi iliyotajwa na mtengenezaji, prosesa inajipunguza ili isiungue, na hapo una kazi ya kufanya.

Vumbi: zima, chomoa waya wa umeme, shika panga za feni kwa kidole, ndipo upulize hewa. Feni ikiachwa izungushwe na hewa inaweza kuharibika beringi. Pesti: futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo kila upande.

Rudia kipimo kwa mzigo uleule. Unapolinganisha, toa joto la chumba kwenye kila kilele: nyuzi 80 katika chumba cha 32 ni nafuu kuliko 76 katika chumba cha 22. Kama bado joto linaruka, hakikisha feni ya prosesa imechomekwa kwenye tundu la ubao mama lililoandikwa CPU_FAN, na kwamba inazunguka kweli.