Somo: Mbwa anayebweka kupita kiasi, jua kwanza anapata nini

Wengi huanza kwa kuuliza, "Nimnyamazisheje?" Nawaelewa, maana majirani wamekwisha kulalamika na usingizi haupatikani. Lakini mbwa habweki bure. Kila mbweko unamletea kitu: mgeni anaondoka, au wewe unamgeukia, au hofu yake inapata pa kutokea. Ukimziba mdomo bila kujua anachokitafuta, kesho atatafuna mlango au atauma. Ndiyo maana hatua ya kwanza nimeirefusha.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kufundisha

Kwa wiki nzima, kila akibweka andika saa, mahali alipokuwa, alichokuwa anakitazama, na kilichotokea baada ya kubweka. Hilo la mwisho ndilo lenye jibu, na ndilo linalosahauliwa sana.

Ukitoka nyumbani, acha simu ikirekodi. Mbwa anayeteseka kwa kuachwa peke yake mara nyingi huanza mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza: anahema, anadondosha mate, anakwaruza mlango uliotokea. Yule asiye na la kufanya kwa kawaida hulala kwanza, kisha baadaye huanza kubweka kwa mfululizo wa sauti ileile.

Sikiliza na sauti yenyewe. Mbweko wa kumfukuza mgeni huwa mzito, wa kukwaruza, unafuatana haraka. Wa mbwa aliye mpweke huwa mwembamba, mmojammoja, mara nyingine umechanganyika na kulia. Kisha tazama mwili. Mbwa anayebweka huku anarudi nyuma, masikio yamelala na mkia umeingia miguuni, anaogopa. Kumkaripia huyo ni kumthibitishia kwamba kweli pana hatari.

Kama mbwa mtulivu amebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote. Maumivu ya viungo, meno au masikio humfanya mbwa abweke. Mbwa mzee anaweza kuwa amepoteza usikivu, au akili imeanza kuchanganyikiwa, hasa usiku.

Hatua ya 2: Punguza kinachomchochea

Mbwa wa dirishani hujifundisha mwenyewe: kabweka, mpita njia kaondoka, basi kazi imefanyika. Hajui kwamba yule mtu alikuwa anapita tu. Ziba sehemu ya chini ya dirisha kwa karatasi inayopitisha mwanga, funika matundu ya geti, au mhamishie upande wa nyuma. Mafunzo hayashiki kama kutwa anaendelea kufanya mazoezi ya kubweka.

Hatua ya 3: Mpe shughuli

Mtembeze, na umwache anuse anachotaka. Tawanya chakula chake kwenye nyasi akitafute. Mpe kitu salama cha kutafuna. Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa hatanyamaza kwa somo lolote; mfungueni kwanza.

Hatua ya 4: Neno "kimya"

Anza kwa kichochezi kidogo, si siku wageni wamejaa sebuleni. Akibweka, subiri anyamaze hata kwa sekunde moja. Sema "kimya" mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha mpe kipande kidogo cha nyama. Akishika, chelewesha zawadi: sekunde 2, kisha 5, kisha 10. Ukipiga kelele, yeye anaona na wewe umeungana naye kubweka.

Hapa pana mtego. Mbwa mwerevu atajifunza mnyororo mzima: bweka, nyamaza, kula. Kwa hiyo mzawadie zaidi pale anapoona kichochezi akakutazama bila kubweka kabisa. Wakati huo ni mfupi sana, nyama iwe mkononi tayari.

Hatua ya 5: Mzoeshe kidogokidogo

Kama tatizo ni kengele ya mlango, irekodi, uicheze kwa sauti ndogo sana, na baada tu ya mlio mpe nyama. Mlio utangulie, nyama ifuate. Ukigeuza mpangilio huo, kazi yote inaharibika. Akibweka, umepandisha sauti mapema. Rudi chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ananibwekea nikiwa nakula. Nilianza kumpuuza, sasa amezidi!

Jibu: Kuzidi huko ni kawaida, huja kabla ya kupungua. Anajaribu kwa nguvu mbinu iliyokuwa inamlipa. Ukimpa tonge baada ya dakika kumi, umemfundisha kwamba dakika kumi ndizo zinazohitajika. Wote nyumbani mshikilie msimamo mmoja, na akilala kimya mkekani mpe chake hapohapo.

Swali: Vipi ile kola inayopiga umeme?

Jibu: Siishauri hata kidogo. Mbwa mwoga hupigwa huku anamtazama mtoto au mbwa mwingine, na anaweza kuunganisha maumivu na yule anayemwona. Hofu inaongezeka, na ndiyo iliyokuwa inambwekesha.

Swali: Wangu hubweka akiachwa peke yake. Nikimletea mwenzake atatulia?

Jibu: Mara nyingi hapana, kwa sababu anachokosa ni mtu wake. Unaweza kuishia na mbwa wawili wanaobweka. Mzoeshe kuachwa kwa sekunde chache, urudi kabla hajaingiwa na wasiwasi, kisha uongeze taratibu. Wakati huo atafutiwe mtu wa kukaa naye. Hali ikiwa mbaya, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa sambamba na mafunzo.

Swali: Mimi nataka abwekee wezi, ila si kila anayepita. Inawezekana?

Jibu: Hawezi kumtambua mwizi, ila anaweza kukuarifu kisha akuachie. Mruhusu mbweko miwili au mitatu, nenda ukatazame kweli, mwambie "kimya", halafu mwite aje kwako na umzawadie akifika. Usimwite ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa sababu ataona hujasikia, naye ataendelea.